Masikio ya Vikopo vya Asnath

Asnath Matonya hakusoma zaidi ya kidato cha nne, na wapo wenye shahada tatu ukutani ambao jambo hilo liliwauma kuliko lilivyomuuma yeye. Kwa miaka ishirini na sita aliandaa mawe katika maabara yetu hapa Dodoma: kusaga, kupima, kubana, kuoka. Mimi, Violeth, nilikaa kwenye mashine ya eksirei, inayoonyesha jinsi chembe za jiwe zilivyojipanga ndani. Alichooka yeye, nilikisoma mimi.

Mwezi ule tulikuwa na jiwe la kijani kutoka vilima vya Haneti, kwao Asnath. Ukilishika ni kavu kama tofali, lakini maji yamo, yamefungwa katika mpangilio wa chembe zake. Likiokwa sana maji hutoka, mpangilio huvunjika, na jiwe huwa jiwe jingine. Tulitaka kujua linavumilia mpaka wapi. Asnath alijaza unga wake katika vikopo viwili vya dhahabu, vidogo kuliko punje ya mahindi, akaviziba. Vyote viliokwa kwa nyuzi mia sita na thelathini. Kimoja kilibanwa kidogo, cha pili kilibanwa mara ishirini ya hapo.

Nilipopima, unga uliobanwa kidogo ulikuwa umeshabadilika. Uliobanwa sana ulikuwa uleule, na maji yake yote.

Mkuu wetu, Dokta Octavian, mtaalamu wa saruji, aliangalia grafu akaguna. Kwake yeye, kinachobanwa zaidi ndicho huvunjika kwanza. Akaandika barua kwamba fundi amechanganya vikopo, akamwekea Asnath mezani aisaini. Mkataba wa Asnath ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na barua ile ilitosha kumtoa kazini kwa uzembe. Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza, na mpaka leo naona aibu.

"Saini tu, mama, yaishe," Dokta akasema.

"Sisaini, Dokta. Sikuchanganya."

"Utajuaje? Vikitoka kwenye tanuru vyote vimekunjamana, na wino huungua."

"Ndiyo maana siandiki kwa wino."

Asnath akaviweka vikopo chini ya lenzi. Kwenye ukingo wa kimoja palikuwa na pengo moja. Kwenye ukingo wa kile kilichobanwa sana palikuwa na mapengo mawili na mkato wa mshazari, alama ya zizi la baba yake. Wagogo hukata masikio ya ng'ombe hivyo, ili mnyama akipotelea hata Bahi ajulikane ni wa nani. Kila akishaziba kikopo, Asnath alikikata ukingo kwa mkasi wa kucha, kisha akaandika daftarini alama ipi imebanwa kiasi gani. Miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza.

"Alama za ng'ombe si utaratibu wa maabara," Dokta akasema.

"Utaratibu wako ni namba juu ya bahasha, na bahasha haiingii kwenye tanuru. Humu ndani nimebakiza unga. Violeth apime tena, na wewe usimame hapahapa."

Safari hii sikunyamaza. "Napima," nikasema, kabla Dokta hajafungua mdomo.

Grafu zilitoka zilezile. Jiwe lenye alama ya baba yake Asnath lilibanwa kuliko mwenzake, na kubanwa huko ndiko kulikozuia maji: halikuachia hata tone. Nilifurahi mpaka nikaona haya kumtazama Dokta.

Aliikunja barua yake. "Basi, mama, tuyasahau."

"Hatuyasahau." Asnath akaichukua, akaikunjua, akaigeuza upande wa nyuma na kumpa kalamu. "Andika kwamba sikuchanganya. Kisha saini wewe."

Ilichukua muda, lakini aliandika, akasaini. Asnath akaisoma mara mbili bila haraka. Halafu akatoa mkasi wake wa kucha mfukoni, akakata pembe ya karatasi ile mapengo mawili na mkato wa mshazari.