Aiwa Yangu na Kitambaa cha Kifalme

Kuna siku moja naikumbuka kuliko ninavyotaka kuikumbuka, mwanangu, na nyinyi wasichana wa kazi ndio mnaonilazimisha kuirudia. Kila Ijumaa mnajaa chumbani kwangu hapa mtaani Sharafiya, mnakunywa chai yangu, mnalalamika madam amekasirika bila sababu. Nikiuliza alikuagiza nini, unajibu, "Sijui, mama, nilisema aiwa tu." Aiwa tu! Mnanichosha. Na kinachonichosha zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Voi moja kwa moja hadi Riyadh, kwenye nyumba moja ya mtaa wa Al-Naseem. Kiarabu changu kilikuwa maneno matano, na hiyo aiwa, yaani ndiyo, niliitumia kutwa. Tulikuwa wafanyakazi wawili wa ndani. Mwenzangu, Da Mwanaisha, alikuwa mtu mzima wa Lamu, na ndiye aliyeshika funguo za kabati la vitambaa vya meza.

Vitambaa vyenyewe havikuwa vya dukani. Baba wa nyumba alivinunua Ulaya kwenye minada ya vitu vya kale. Vilikuwa vya kitani, vilivyofumwa zamani kwa karamu za wafalme. Kimoja kilitosha meza ya watu ishirini na wanne. Ukikitazama hivi hivi unaona nyeupe tupu, lakini mwanga wa dirisha ukikipiga kwa ubavu, wanatokea simba wawili wameshika ngao, juu yake taji, vyote vyeupe juu ya vyeupe. Da Mwanaisha hakukikunja hata siku moja. Alikiviringisha kwenye bomba la kadibodi, akisema nyuzi za umri ule hukatika penye mkunjo. Mimi nilimwona ana makuu tu.

Siku hiyo dereva alikuwa amempeleka sokoni kununua vitu vya harusi. Wiki mbili baadaye alikuwa aende Lamu kumwoza binti yake wa pekee, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne. Madam akafungua kabati kwa ufunguo wake, akakitoa kile kitambaa, akanionyesha doa la manjano pembeni, akaeleza kirefu huku akitikisa kidole. "Aiwa, madam." Akaniuliza kama nimefahamu. "Aiwa, madam." Akaenda zake, kabati akaliacha wazi.

Sikushika hata neno moja! Baadaye ndipo nilipojua alikuwa akisema nikiache pale pale, Da Mwanaisha akirudi atakisafisha yeye. Mimi niliona doa, na doa la nguo nyeupe nililijua dawa yake: klorini na maji ya moto. Nikakitumbukiza chote kwenye beseni.

Kilitoka cheupe kweli. Nilipokikamua kikachanika mikononi, ngao ikaenda huku, simba kule. Na badala ya kupiga kelele kama mtu mwenye akili, nikakiviringisha kwenye bomba lake kikiwa bado kimelowa, nikakificha kabatini.

Madam alikiona siku ya tatu. Kwa kuwa kazi ile alikuwa amemwachia Da Mwanaisha, hakuuliza mara mbili. "Mafi safar! Halas!" Hakuna safari, imekwisha. Da Mwanaisha akaapa hajakigusa, akalia, akataja harusi. Mimi nilisimama mlangoni na sinia ya vikombe. Nikanyamaza siku nne nzima, mwanangu. Mpaka leo najikasirikia.

Siku ya tano ya kunyamaza kwangu nilikuwa napiga pasi kanzu za Baba. Da Mwanaisha akaingia, akashika pindo la leso yangu na kutazama madoa ya klorini yaliyoipausha.

"Rehema," akasema, "kitambaa nimekusamehe. Uliona haya kusema hujui. Lakini hili unalijua, na umekaa unanitazama nikilia. Haya gani hiyo?"

Nikamfuata kwa madam. Na kwa kuwa sikuwa na Kiarabu, yeye mwenyewe ndiye aliyenitafsiria maungamo yangu, neno kwa neno. Madam alinifokea mpaka sauti ikamkauka, kisha akairudisha ruhusa. Ila karatasi za safari zilikuwa zimeshafutwa, nyingine zikachelewa, na huko Lamu watu walikuwa wameshaalikwa, harusi haikuweza kumngoja.

Siku ya harusi madam alimpa simu ya nyumbani. Da Mwanaisha aliketi sakafuni jikoni, amevaa gauni lake jipya, akiwasikiliza wanawake wa kwao wakiimba. Ndoa ilipofungwa akapiga vigelegele peke yake mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akaniletea mkono wa simu mdomoni.

"Piga na wewe. Mwanangu asisikie sauti moja."

Nikapiga, machozi yakiniingia mdomoni.

Basi nisikilize, na usinitikisie kichwa. Usipoelewa, sema hujaelewa. Utaitwa mjinga dakika mbili, halafu utaonyeshwa kazi. Ukiharibu kitu, kiseme saa ile ile, kabla hasira haijamfikia asiyehusika, maana kitambaa hulipika au husahauliwa, lakini siku ya mtu ikishapita hairudishwi na msamaha wowote. Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli mapema, akulinde katika nyumba za watu, na akufikishe kwenu siku yenyewe ya furaha yenu, si kesho yake.