Kilichong'aa Katika Chemchemi ya Meorugol

Pyo Geum-rye, binti wa Pyo Man-seop aliyepasua mwamba kwa nyundo mpaka chemchemi yetu ya Meorugol ikatoka, mjukuu wa bibi aliyewalisha jirani zake shayiri mwaka wa njaa, ndiye mwanamke wa kwanza kwetu kuvaa koti jeupe la maabara. Miaka thelathini na mmoja anapima maji ya kunywa. Mimi nimeishia shule ya msingi, lakini haya nimeyasikia kinywani mwake, na mimi si msahaulifu.

Mwaka mmoja, sikukuu ya mavuno ikikaribia, ilikuja barua kutoka maabara ya mkoa: katika maji aliyoyachota Geum-rye kwetu vimeonekana vimelea vinne vya kuharisha. Vikithibitika, chemchemi itazibwa kwa saruji. Mchuzi wetu wote wa soya hutengenezwa kwa maji yale. Bibi Heo wa nyumba ya chini alianza kuiaga mitungi yake ya mchuzi kama anayeaga maiti.

Geum-rye akapanda mlima hadi kwetu mwenyewe. Alitueleza kwamba maji huchujwa, masalio hutiwa dawa ya kushika vimelea, kisha hutazamwa kwa hadubini chini ya taa ya buluu. Kimelea kilichoshika dawa hung'aa kijani. Ila mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea haikuona hata kimoja. Mkubwa wake alishikilia kuwa mashine imepofushwa na udongo wa majini, liandikwe jibu la taa. Geum-rye hakuandika. Alitia vimelea anavyovijua ndani ya maji yetu yaleyale, na mashine ikavitambua. Basi haikuwa kipofu. Sasa vile vinne vilikuwa nini?

"Dada," akaniuliza, "siku ile kabla sijachota, nani aligusa chemchemi?"

Nikamwambia ni mimi. Mgeni anatoka mkoani, nimwachie jiwe la chemchemi lenye utelezi? Nilisugua tangu alfajiri kwa brashi ya chuma, likang'aa kama kichwa cha mume wangu.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Utelezi ule ni mwani, dada. Umeubandua wote ukaingia dumuni mwangu. Na mwani mwingine hushika dawa, ukang'aa vilevile."

"Kwa hiyo nikupokee kwa uchafu?"

"Nipokee. Mimi si mkweo."

Akarudi kuvitazama vile vinne kwa mwanga unaoonyesha vya ndani. Vilijaa chembe za kijani za mmea, ambazo kimelea hakina. Siku kumi baadaye akachota tena, jiwe likiwa na utelezi wake. Taa haikuona kitu, mashine haikuona kitu. Bibi Heo alipopata habari alifunua mtungi, akachovya kidole, akakilamba, akalia.

Usoni hakunilaumu mtu, mgongoni sijui. Siku ya kubandika cheti cha maji safi kwenye ubao wa chemchemi, Geum-rye aliniita mbele za watu, akanikabidhi dumu safi la lita kumi.

"Magoti yangu yameukataa mlima huu," alisema. "Kuanzia mwezi ujao utanichotea wewe, dada. Na wiki nzima kabla ya kuchota, hakuna kusugua. Utelezi ukikuudhi, tazama pembeni."