Tulipoita Kila Kitu Tumbo

Juzi nilitoka kwa daktari Midrand, na badala ya kurudi kwangu nikaendesha gari mpaka Bellevue bila kujua nafuata nini. Daktari alikuwa amenieleza, kwa upole na kwa Kiingereza kizuri, kwamba uvimbe umejaa kwenye kizazi changu na hakuna namna ila kukitoa chote. Nilielewa kila neno. Nikaegesha mbele ya nyumba tuliyokaa nilipokuwa mtoto, nikazima injini, na wewe unajua mambo yanavyokuja mtu akikaa kimya ndani ya gari.

Nyumba ile ilijengwa zamani kwa familia moja, sisi tukaikuta imegawanywa vyumba kwa mbao na mapazia. Tulikaa kwenye iliyokuwa sebule. Upande wa pili wa mbao alikaa jirani Mrundi, fundi wa nguo, na cherehani yake ndiyo iliyotuamsha. Jiko lilikuwa moja kwa wote, na Jumamosi kuta zilinuka sombe, yale majani ya muhogo, na mawese mpaka uani. Kutwanga sombe ilikuwa kazi yangu. Nyingine ilikuwa kuchambua nywele za kusukia, fungu kwa fungu, na kuzining'iniza kwenye mgongo wa kiti.

Nywele zilikuwa za mama mdogo. Mama yangu alifanya kazi za ndani kwa watu Midrand na kulala huko huko, akija kutuona Jumapili alizopewa ruhusa. Aliyenilea ni mdogo wake huyo, pamoja na nyanya, ambaye nilimwita koko kama wafanyavyo watoto wa kwetu Kivu. Mama mdogo alisuka chini ya mwavuli kando ya barabara, karibu na soko la Yeoville. Alikuwa na mikono myepesi. Ukikaa kwake ulisinzia. Akina mama walimletea watoto wao kwa sababu kwake hawakulia. Alikuwa akiwaimbia, akiwauliza majina ya walimu wao, akiwapa vipande vya biskuti, na yeye mwenyewe hakuwa na mtoto.

Alikuwa ameolewa na mlinzi wa kampuni moja, mtu mpole wa maneno machache, na miaka ilikuwa inapita. Koko aliangalia kamba ya nguo kila mwezi. Akiona vitambaa vimeanikwa nyuma ya shuka, anatoa sauti kooni na kuingia ndani. "Tumbo lake limefungwa," aliwaambia wenzake wa kanisani, na wanawake walikuja kumwekea mikono na kukemea.

Nyumbani kwetu kila kilichokuwa kati ya kifua na magoti kiliitwa tumbo. Ukiharisha, tumbo. Ukipata mimba, una tumbo. Ukiingia mwezini, tumbo linakusumbua. Nilipoingia mwezini mara ya kwanza, koko alinipa kitambaa, akanionya nisicheze na wavulana, na hayo ndiyo yakawa mafundisho yote.

Kisha mwaka huo shuleni mwalimu wetu, mama wa Kizulu mwenye miwani na kamba ya funguo shingoni, akachora ubaoni kitu kama kichwa cha ng'ombe chenye pembe mbili. Darasa likacheka. Akasubiri tuchoke. Alikuwa na msemo wake: usilolitaja kwa jina huwezi kulipeleka kwa daktari. Akatuonyesha kizazi, kisichozidi ngumi, jinsi kinavyojitandika kila mwezi kumsubiri mtoto, na asipokuja kinavua matandiko yale, nayo ndiyo damu. Akatuonyesha ovari mbili zinazolea mayai, na mirija miwili myembamba, huku na huku, ambamo yai hupita na kukutana na mbegu ya mwanamume. Kesho yake akachora ya wavulana: korodani zinazotengeneza mbegu, ambazo zimewekwa nje kwa sababu mbegu haipendi joto la mwili, na njia ndefu zinamopita mbegu kabla ya kutoka. Siku hiyo wavulana ndio waliotazama madawati.

Nilirudi nyumbani na kitabu cha somo lile, chenye picha zile zile. Jumapili mama mdogo akinisuka, mimi nimeketi chini katikati ya miguu yake, akaona picha.

"Hii ni kitu gani?"

Sikuwa na maneno. Nilijua ya Kiingereza tu, ikabidi nibuni: hizi ni nyumba za mayai, hii ni njia, hiki ni chumba cha mtoto. Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Na hii iko wapi ndani ya mwili yangu?"

Nikageuka, nikaweka kiganja chini ya kitovu chake. Hapa kizazi. Hapa ovari moja, hapa nyingine.

"Kumbe si huku juu kwenye chakula?"

"Hapana, mama mdogo. Ni mbali kabisa na chakula."

"Kwa hiyo nikiona damu, ni kitanda kilitandikwa, mgeni hakuja."

"Ndiyo. Na mwalimu anasema mara nyingine shida iko kwa mwanamume. Mbegu zinaweza kuwa chache."

Akacheka sana, mpaka akafuta macho kwa kanga. Koko aliyekuwa akichambua mchele mlangoni akainua uso. "Shule inamfundisha huyu mtoto matusi, na wewe unasikiliza." Lakini tangu siku ile, tukiwa wawili tu, mama mdogo aliniomba nimfungulie ukurasa ule. Aliutazama kama mtu anayetazama picha ya mji aliozaliwa bila kuujua.

Majira ya baridi yalipoanza alishika mimba. Niliijua kwa udongo mweupe wa kula, ule unaouzwa sokoni Yeoville kwa vipande. Aliutafuna mchana kutwa, nao ulitoa harufu ya mvua. Uso wake ulikuwa na mwanga. Mume wake alirudi kutoka kazini asubuhi na machungwa kwenye mfuko wa plastiki. Koko akapiga marufuku: mimba changa haitajwi kwa mtu, macho ya watu ni mabaya. Hata mama yangu hakuambiwa kwa simu.

Halafu yakaanza maumivu, chini, upande mmoja. Matone ya damu. Koko akasema ni tumbo linapanuka. Kisha mama mdogo akalalamika bega linamuuma, na hilo sote tulilipa maelezo rahisi, kwamba ni kusuka. Alipokuja kushindwa kunyooka, tukaenda kliniki, yeye, koko na mimi. Nilitaka kuingia ili nitafsiri, lakini koko akanisimamisha mlangoni. Mambo yale hayakuwa ya kusikiwa na mtoto. Yeye alikuwa na Kizulu chake cha sokoni, cha kuuzia nyanya na vitunguu, akasema kingetosha.

Yaliyosemwa mle ndani alinisimulia mama mdogo mwenyewe tukirudi, akitembea polepole na mkono ukutani. Muuguzi aliuliza anaumwa wapi. Koko akajibu, "Isisu," na kwa Kizulu pia neno hilo ni tumbo, lolote lile. Muuguzi akauliza, je, ana mimba? Mama mdogo alielewa swali, akamtazama mama yake. Koko akatikisa kichwa: hapana, hana, ni isisu tu. Wakampa vidonge vya tumbo na maji ya chumvi.

Siku mbili zilizofuata alikwenda kazini. Jumamosi adhuhuri, akiwa na kichwa cha mteja kilichosukwa nusu, alianguka chini ya mwavuli wake. Jirani Mrundi aliyekuwa akinunua uzi hapo karibu ndiye aliyesimamisha gari la mtu na kumbeba. Hospitali wakampasua hapo hapo. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, ikakua humo mpaka mrija ukapasuka, na damu ikajaa ndani. Ile damu ndiyo iliyokuwa ikimuuma begani.

Hakufa. Watu wa kanisani walishukuru sana kwamba hakufa.

Aliporudi nyumbani, kitu cha kwanza alichoniomba ni kitabu.

"Nionyeshe walipokata."

Nikaweka kidole kwenye mrija wa kushoto.

"Kwa hiyo alikuwa mtoto mzima. Hakuwa na kosa. Alisimama tu njiani."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na ule wa upande huu?"

"Si walikuambia?"

"Waliniambia kwa Kiingereza cha haraka. Wewe ulikuwepo, niambie."

"Wamesema umeziba. Una makovu."

Makovu ya ugonjwa wa zamani ambao haukutibiwa, alivyosema daktari. Miaka mingi baadaye mama yangu ndiye aliyenieleza kwamba ugonjwa ule mdogo wake aliupata akiwa msichana, wakati wa vita, kwa mikono ya wanaume wenye bunduki, na kwamba koko alijua, na kwamba hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo ndani ya nyumba. Lilikuwa tumbo, nalo.

Mama mdogo akafunga kitabu. "Basi chumba kiko, kizuri kabisa," akasema. "Njia ndiyo hakuna." Sikumsikia tena akiuliza kitu juu ya mwili wake.

Koko aliniuliza swali moja tu. Tulikuwa jikoni, nikitwanga.

"Ningesema ana mimba, wangemfanya nini?"

"Wangempima, koko. Wangeona."

"Basi," akasema, akachukua mchi mkononi mwangu akaendelea kutwanga yeye, mpaka sombe ikawa maji. Mwaka uliofuata tulimzika.

Mlinzi yule mpole aliendelea kuleta machungwa kwa muda. Kisha dada zake wakampigia simu kutoka kwao, kisha akaomba zamu za mbali, kisha hakurudi. Mama mdogo alirudi kwenye mwavuli wake, ila alikataa vichwa vya watoto. Mteja akija na bintiye, anamwonyesha msusi mwingine kwa kidevu. Baadaye akahamia Diepsloot kusaidiana na mwanamke wa kwetu kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Nilimtembelea mara chache. Alinifungulia soda, akaniuliza habari za mama, akarudi dirishani kuuza mkate. Ulipokuja mwaka ambao maduka ya wageni yalivunjwa, lao lilikuwa miongoni mwa hayo. Simu yake ikazimwa. Wengine wanasema alirudi Bukavu, wengine Durban. Mama alimtafuta mpaka akaacha kumtaja.

Nikiwa bado ndani ya gari, msichana mdogo alitoka getini na ndoo. Nikashusha kioo nikamsalimu kwa Kiswahili, nikamuuliza kama fundi Mrundi bado yupo. Akatabasamu kwa aibu, akajibu kwa Kiingereza kwamba anasikia lugha hiyo ila hawezi kuisema, na kwamba hajui mtu kama huyo. Sauti ya cherehani haipo. Jiko, alisema, wamelifanya chumba cha kupangisha.

Nimesoma, rafiki yangu. Nina bima, nina daktari anayenieleza taratibu na kuniuliza kama nina maswali. Mimi ndiye mtoto pekee wa mama yangu, na mama mdogo hakupata. Koko alivuka mipaka mingapi sijui, na mabinti zake wawili, ili uzao wake usiishie kule kwenye vita. Utaishia hapa mwezi ujao, kwenye hospitali safi, kwa mikono ya watu wapole, na hakuna atakayekuwa amekosea chochote.

Nikawasha gari nikaenda mpaka kwenye kona. Robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, ikageuka kijani, ikageuka nyekundu tena, na waliokuwa nyuma yangu wakaanza kupiga honi.