Kadi Zilizofungwa Uzi

Nilirudi Tabora kutoka chuo kikuu nikiwa na maswali mengi kuliko nguo. Ofisi ya kilimo ikanipa kazi ya kutayarisha kadi za kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, ikijaza chumba kizima. Sisi tulikuwa na mashine ndogo tu ya kutoboa kadi. Kila kadi ilikuwa mkulima mmoja wa tumbaku, na matundu yake yalisema namba ya kijiji chake na mbolea anayohitaji. Kadi zilipanda treni kwenda pwani, njia ileile ambayo babu zetu walibeba pembe za ndovu za watu wengine mabegani. Niliwahi kuuliza ofisini tofauti ni nini. Hakuna aliyecheka.

Kadi zilizokamilika zilingoja treni masjala, chini ya mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliyeanza kazi enzi za Mwingereza. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na hakuna karatasi iliyowahi kupotea mikononi mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Mbona karatasi zako zina ndui?"

"Ndiyo maandishi yake hayo."

"Makubwa! Haya, nizitunzeje?"

Nilikuwa na haraka. "Kama majalada yako mengine, mzee."

Akafanya hivyohivyo. Kwa karani wa masjala, karatasi isiyofungwa ni karatasi iliyokwisha kupotea. Alichukua chuma chake cha kutobolea majalada, akatoboa kona ya kila kadi ya kijiji cha Usoke, fungu lililongoja siku ile, akapitisha uzi na kufunga kifundo safi. Dar es Salaam wakakata uzi, wakailisha mashine kadi zile. Tundu la mzee lilikuwa limeangukia penye namba ya kijiji. Mashine ikazikataa kadi zote, na hakuna mtu aliyejisumbua kuuliza kwa nini. Orodha ya mbolea iliporudi, Usoke haikuwamo. Mvua zikaanza, mbolea haikuja, wakulima wakaja juu.

Mkuu wetu, ambaye siku chache kabla alituhutubia juu ya ujamaa na heshima kwa wazee, akatuita sote, kadi zilizorudishwa zikiwa mkononi mwake, akamgeukia mzee.

"Ndugu, nani alikuagiza utoboe kadi hizi?"

Mzee akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake aseme kwanza. Mimi niliyehoji bei ya tumbaku, vijiji vipya, hata kuwapo kwa Mungu, nikaangalia viatu vyangu.

"Hakuna," mzee akasema. "Mazoea tu."

"Mashine haikosei," mkuu akasema. "Watu ndio wanaokosea."

Wiki ileile mzee akaachishwa kazi. Miezi yake minne ya kufikia kustaafu haikutimia.

Haikupita miaka mingi serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ofisi yetu ikarudia madaftari. Mashine yangu ya kutobolea ikafunikwa gunia kule masjala. Siku moja nikamkuta mzee kwake Ng'ambo, amekaa barazani akishona mikeka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi kwa muda mrefu, lakini salamu tu ndiyo iliyotoka.

"Marahaba," akajibu bila kuinua macho. "Msomi, ile mashine yenu imeshajifunza kuuliza?"

"Bado, mzee."

"Na wewe?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akaendelea kushona.