Wiki Saba za Mahudhurio Kamili

Kuna muhula mmoja nilisifiwa katika kikao cha idara. Jambo hilo halijatokea tena, kwa hiyo nalikumbuka vizuri. Mkuu wa idara alinyanyua karatasi zangu za mahudhurio, akawaambia wenzangu watazame: wanafunzi sitini na watatu, sahihi sitini na tatu, kila wiki, hata ile wiki mvua ilinyesha mpaka uwanja wa mpira ukawa wa vyura. Wenzangu walikuwa wakipata nusu ya darasa.

"Mwenzetu, una siri gani?" aliuliza.

Nilitabasamu kwa unyenyekevu. Niliamini kabisa kwamba siri ni mimi.

Nafundisha historia ya njia ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita hapa Tabora kuelekea Ujiji. Wageni husafiri mbali kuja kuitafuta njia hiyo. Wanafunzi wangu huisoma kwa sababu ratiba imewalazimisha. Wananiita Dokta. Mimi si dokta. Nina shahada ya uzamivu ambayo nimezama nayo mwaka wa kumi na moja huu bila kuibuka, ila sijawahi kumsahihisha anayeniita hivyo.

Utaratibu wangu ulikuwa rahisi. Nikiingia darasani naweka karatasi kwenye meza ya mbele, naugeukia ubao, nazungumza. Karatasi inazunguka mgongoni kwangu, na mwisho wa kipindi inarudi imejaa. Nilihesabu sahihi. Vichwa sikuvihesabu. Viti vitupu niliviona, lakini nikajiambia kwamba watu wamebanana kule nyuma kwenye soketi, wanachaji simu.

Wiki ya kumi na mbili ya muhula huohuo, kijana mmoja wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini kwangu. Mrefu, mpole, mtoto wa wakulima na wafugaji wa Ziba, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Mwaka wa pili aliwahi kufeli na kuurudia. Akifeli tena, kanuni haina huruma: anaondolewa. Wanafunzi wana neno lao, kudisko, na hulitamka kwa sauti ya chini, kama tunavyotaja ugonjwa wa mtu akiwa chumba cha pili.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Siku ya jaribio la kwanza ulikuwa wapi?"

"Ziba, Dokta."

"Na la pili?"

"Ziba hukohuko."

Baba yake alikuwa ameanguka kiharusi akiwa amepeleka ng'ombe kwenye josho. Dada zake wameolewa, mvua imeanza, pamba haijapaliliwa. Alipigiwa simu asubuhi, jioni alikuwa kwao. Alikaa wiki saba: kumpeleka mzee hospitali Nzega, kumrudisha, kumgeuza kitandani, kuchunga, kupalilia. Sasa alikuwa ameleta barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri na karatasi za hospitali. Alichoomba ni kuahirisha muhula, arudi mwakani auanze upya. Kanuni inaruhusu, mradi uthibitishe kwamba kweli hukuwepo darasani.

"Hilo ndilo rahisi kuliko yote," nilimwambia. Nikavuta faili langu tukufu.

Wiki ya nne, jina lake, sahihi. Ya tano, sahihi. Ya sita. Nilipekua mpaka ya kumi. Alikuwepo wiki zote. Hata ile ya vyura alikuwepo.

Yeye aliona kabla sijasema. Aliyaondoa macho kwenye karatasi, akayapeleka dirishani.

"Sikuwatuma, Dokta," alisema.

Nilimwita kiongozi wa darasa, binti wa wakulima wa Kimoravian kutoka upande wa Sikonge. Ndiye aliyekuwa akiendesha kila kitu pale chuoni ambacho uongozi haukukiendesha: foleni ya ndoo kwenye tangi la maji, uji wa wagonjwa bwenini, kwaya, misiba. Wenzake walimwita Mheshimiwa, kwa utani ambao ulikuwa umeshaacha kuwa utani. Alikuja na ndoo yake mkononi kwa sababu siku hiyo maji yalikuwa yametoka. Nilipomuuliza kuhusu sahihi, alicheka.

"Kumbe ni hilo tu? Dokta, tulimlimia."

"Mlimlimia nini?"

"Si huko kwetu mtu akiuguliwa wakati wa mvua majirani wanaingia shambani kwake wanamlimia? Akirudi akute shamba safi. Na sisi tukasema mwenzetu asirudi akakuta majani. Tukapanga zamu. Wiki hii fulani anamsainia, wiki ile fulani. Mimi nilichukua mbili, mwandiko wangu unafanana na wake." Akamgeukia kijana. "We, si nilikuambia usiwe na wasiwasi na huku?"

"Uliniambia nisiwe na wasiwasi. Hukuniambia nipo darasani."

Alikuwa amejaa fahari kabisa, yule binti, na nilimwelewa, maana fahari ileile nilikuwa nayo mimi kwenye kikao cha idara. Nikawaeleza taratibu. Kwamba kwa karatasi zile, mwombaji hakuwa Ziba; alikuwa darasani kila wiki, akayakwepa majaribio mawili kwa makusudi, na hiyo ni kufeli. Kwamba barua ya mtendaji sasa inaonekana ni ya kutunga. Na kwamba akitokea mtu kusema sahihi si zake, basi ni za kughushi, na aliyemsainia mwenzake anafukuzwa.

Binti aliitua ndoo sakafuni.

"Kwa hiyo tumeng'oa mahindi," alisema, "tukaacha majani."

Kisha akasema, "Nitakwenda niwaambie ni mimi peke yangu. Wiki zote saba."

"Mheshimiwa, nyamaza," kijana alimwambia. "Mwakani wewe unafundisha."

"Na wewe je?"

"Mimi nina ng'ombe."

Alisema hivyo kumchekesha. Binti hakucheka.

Kamati ya kusikiliza ombi lake iliketi wiki iliyofuata katika chumba chenye feni isiyozunguka. Mwenyekiti wake alikuwa mtu muungwana, mwenye sauti ya kuomboleza hata anapoagiza chai. Aliweka barua ya mtendaji upande mmoja na karatasi zangu upande wa pili, akasema kati ya hivi viwili kimoja ni cha uongo. Akamsogezea kijana karatasi ya wiki ya sita.

"Sahihi hii ni yako?"

Kijana aliitazama muda mrefu, kama mtu anayemtazama ng'ombe wa jirani aliyechanganyika na wa kwao.

"Ni yangu, mzee."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Mwalimu, unazithibitisha karatasi zako?"

Nilijua jibu. Lilikuwa fupi: sizithibitishi, kwa sababu sijawahi kuhesabu mtu hata siku moja, na kijana huyu sikumwona kwa wiki saba, na sikugundua kwamba simwoni. Jibu hilo lisingemtaja mwanafunzi yeyote. Lingebomoa karatasi zote za muhula mzima kwa pamoja, na aliyetakiwa kuona haya angekuwa mmoja tu.

"Karatasi ziko kama nilivyozipokea," nilisema.

Hiyo ni sentensi isiyo na uongo ndani yake wala ukweli. Nimesoma miaka mingi mpaka kuweza kuitunga papo hapo, bila kuandaa. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akashukuru kwa ushirikiano wangu. Uamuzi ukasomwa: anaondolewa chuoni, ana siku kumi na nne za kukata rufaa.

Nje, kwenye baraza, kijana alinifuata akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wabeja, Dokta," alisema, kwa Kisukuma cha kwao, maana shukrani ya kutoka moyoni haikuwa inamjia kwa Kiswahili. "Umewaficha wenzangu."

Alidhani nimewalinda wao. Mpaka leo sijui niliwezaje kuuacha mkono wangu ndani ya ile yake, lakini niliuacha.

Labda ni mikono ile iliyonitikisa. "Usiondoke," nilimwambia. "Nitaandika barua ya rufaa yako. Nitasema kosa ni langu. Nipe siku mbili."

Kitanda chake cha bweni kilikuwa kimeshachukuliwa, akawa analala sakafuni kwa rafiki yake mtaani, nyuma ya chuo. Kwa kuwa hakuwa tena na darasa la kuingia, asubuhi alikuja kwenye tangi akawajazia ndoo waliokuwa na vipindi. Kila nilipopita alinisalimia. Hakuuliza habari ya barua hata mara moja. Ingekuwa nafuu angeuliza.

Rasimu ya kwanza niliiandika usiku uleule. Ilikuwa na mistari sita na ilisema kosa langu lote, bila kugusa sahihi ni za nani. Asubuhi niliisoma nikaiona kavu, haifanani na mtu wa hadhi yangu. Ya pili ilikuwa na machozi mengi. Ya tatu ilianza na maelezo kuhusu asili ya desturi ya mahudhurio katika elimu ya juu, na nakiri yalikuwa maelezo mazuri. Kisha umeme ukakatika siku moja na nusu. Kisha mwenzetu akafiwa na mama, tukaenda kuzika upande wa Kipalapala, na kwenye mazishi nikawa nawaza aya ya pili ina ukakasi. Kisha wakaja wakaguzi wa ubora, na mkuu wa idara akaniomba niwaonyeshe faili langu la mahudhurio kama mfano. Niliwaonyesha.

Siku ya tisa kijana alifika mlangoni, hakuingia.

"Dokta, mzee ameanza kukaa mwenyewe. Kaniuliza ninamaliza lini."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia uko unaniandikia."

"Barua iko mwishoni," nilisema. Ilikuwa kweli. Ilikuwa mwishoni kwa siku nne.

Nimejaribu kujitetea kwamba mimi ni mtu wa maneno, na mtu wa maneno hawezi kutoa kazi mbichi. Utetezi huo haunifikishi mbali. Mwaka ule nilikuwa nimependekezwa kupandishwa cheo, na katika mapendekezo yale sifa iliyoandikwa ya kwanza kabisa ilikuwa yale mahudhurio. Kila nilipobadilisha neno katika barua nilipata siku moja zaidi ya kubaki mwalimu mwenye siri. Hofu yangu ilivaa tai ikajiita uhariri.

Rasimu ya saba niliimaliza, nikaichapa, nikaitia katika bahasha. Nilihesabu siku tangu tarehe iliyopigwa kwenye barua ya uamuzi, nikapata kumi na nne kamili. Nilikwenda ofisi ya kamati asubuhi na mapema, nikijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Katibu wa kamati ni mama wa makamo, mtaratibu, aliyeona walimu wengi wakija na kuondoka. Alinikaribisha kiti. Alifungua bahasha, akaisoma barua yote akiwa amesimama, kurasa tatu, midomo ikichezacheza.

"Barua nzuri hii, mwalimu."

"Asante, mama."

"Nzuri sana. Ingekuja jana."

"Leo ndiyo ya kumi na nne."

Alifungua kitabu cha kanuni, akaniwekea kidole. Siku zinahesabiwa kuanzia siku kamati ilipoketi na kutamka uamuzi, si siku barua ilipochapwa. Barua ilichapwa kesho yake kwa sababu siku ya kikao karatasi zilikuwa zimekwisha. Kitabu hicho ninacho ofisini. Nawafundisha vijana kwamba mwanahistoria haanzi kusema kabla hajasoma chanzo chenyewe.

"Hakuna namna?" niliuliza.

"Kwa huyo kijana, hapana. Shauri limefungwa." Alizikunja kurasa polepole, akazirudisha ndani ya bahasha, lakini bahasha hakuiweka popote, aliishika. "Sasa niambie wewe. Nikiipokea, lazima nimpelekee mwenyekiti. Yeye atasoma hapa unaposema sahihi si za kijana, na atataka kujua ni za nani. Kosa la kughushi halina siku kumi na nne. Hao watoto atawatafuta hata baada ya mahafali." Alinitazama bila ukali. "Niipokee?"

Ile rasimu ya kwanza, ya mistari sita, ingekuwa imeshafanya kazi yake wiki mbili nyuma. Hii ya saba, ambayo sentensi zake zote zilikuwa zimekaa sawa, haikuwa na uwezo tena isipokuwa wa kuwaangamiza watu sita waliokuwa na wema.

"Nirudishie, mama," nilisema.

Alinirudishia. Aliniuliza kama nitakunywa chai, nikasema hapana, ninacho kipindi.

Nilitoka na bahasha mkononi. Maji yalikuwa yakitoka siku hiyo, na pale kwenye tangi kijana alikuwa ameinama akijaza ndoo za mstari mzima. Aliinua kichwa, akaniona natokea mlango wa ofisi ya kamati, akaiona bahasha. Akafunga koki, akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza kunijia haraka haraka. Alikuwa anatabasamu.