Hodi Tatu Mlangoni kwa Joyceline

Kokugonza alikuwa na hodi yake: anabisha mara tatu, kisha, "Joyceline, umekula?" Miezi saba ambayo binti yake alijifungia chumbani, nyumbani kwao Mount Druitt, huko ughaibuni, hodi hiyo haikukosekana hata siku moja: asubuhi kabla ya kwenda kuwaogesha wazee anaowatunza kazini, na jioni akirudi miguu imevimba. Mkalimani wa daktari alisema ugonjwa ule unaitwa sonona. Kanisani, Kokugonza aliuita mitihani. Akina mama wakafunga na kuomba. Mitihani ya miezi saba! Hata mchungaji alianza kuuliza mtoto anasomea nini hasa.

Sasa Joyceline alikuwa na nafuu, na Jumamosi hiyo alikuwa ndani ya kabati la nguo la mama yake, katikati ya vitenge na makoti ya baridi, akirekodi wimbo. Vitenge humeza mwangwi, alisema rafiki yake Rispah, Mkenya mwenye kompyuta mapajani. Wimbo ulikuwa wa kuchezeka, wa makofi, na ulisema wazi: nilizama, nimeibuka. Ungepigwa kesho yake kwenye siku ya vijana kanisani.

Kokugonza alikuwa sebuleni akitega sikio. Ghafla kukawa kimya. Kimya kama kile alikijua tangu miezi ile saba, akaufuata mlango. Akabisha mara tatu. "Joyceline, umekula?"

"Mama! Umeharibu tena! Mara ya nne hii!"

"Nimeharibu nini? Wali unapoa," akasema Kokugonza akiingia.

Rispah akacheka mpaka kompyuta ikataka kumponyoka. "Anti, hebu jisikie." Akabonyeza. Ngo, ngo, ngo, sauti ya Kokugonza, halafu ngoma ikaingia palepale kana kwamba ilikuwa ikimsubiri. "Kiitikio ndicho hicho! Wiki mbili tunakitafuta!"

"Mimi? Kanisa zima linaijua sauti yangu! Watajua haikuwa mitihani."

Joyceline akatoka kabatini, kitenge kimemnasa begani. Siku zote humjibu mama yake kwa Kiingereza; safari hii alisema Kiswahili, polepole. "Mama, sikuwa nakula. Lakini hodi nilikuwa nazihesabu. Ukibisha ya jioni, najua siku imeisha na bado nipo. Wewe usipokuwemo, wimbo ni uongo."

Kokugonza akakaa kitandani. Akamkumbuka Mama Zakayo wa kanisani, ambaye mwanawe eti alisafiri tangu Pasaka, na gari la kijana halijatoka uani.

"Haya, rudieni," akasema. "Ile ilikuwa na hofu. Nibishe vizuri."

Alibisha mara kumi na moja. Rispah akachagua ileile ya mwanzo, yenye hofu.

Kesho yake kanisani watu walicheza mpaka viti vikasogezwa ukutani, na kila kiitikio kilipofika waliitikia, "Umekula?" Mama Zakayo peke yake hakucheza. Walipotoka, alimvuta Kokugonza mkono hadi nyuma ya magari.

"Wangu hajasafiri," akanong'ona. "Wewe ulikuwa unabisha mara ngapi kwa siku?"

"Mbili. Na usimuulize lingine, ila chakula tu."