Vigwe vya Kofia ya Bi Verna

Bi Masouda alikuwa fundi wa cherehani, na haki yake tumpe, fundi hasa. Alipokimbia Unguja mwaka wa sitini na nne aliacha nyumba, makabati, na shamba la mikarafuu ambalo kila akilisimulia pale Matrah, Omani, lilizidi miti. Alichotoka nacho ni binti yake Kheiria, cherehani ya mkono, na majivuno ya mtoto wa Mjini. Cherehani iliingia kutu njiani. Majivuno hayakupata hata doa.

Kwa hiyo Suud alipoleta posa ya Kheiria, Bi Masouda hakuuliza kijana ana kazi gani wala tabia gani. Aliuliza mamake katoka wapi. Akaambiwa Bi Nasriya ni mtu wa Wete.

"Pemba!" Bi Masouda akashika kifua. "Mwanangu mie niende kumtia kwa Wapemba? Wallahi, nyumba ile hata maji yao sinywi!"

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, ng'ambo ya kichochoro. Cha Bi Masouda nacho kilikuwa kimoja, kinatazamana nacho, na mvua ikinyesha vyote viwili vinavuja. Wenyeji wa Matrah hawakujua Mjini wala Wete; wote waliwaita Wazinjibari, wakawacheka Kiarabu chao kwa pamoja. Lakini nenda kamwambie Bi Masouda! Neno lake la maji lilivuka kichochoro kabla chai haijapoa, na Bi Nasriya akalisikia kama lilivyo.

Kheiria alilia, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kubaya zaidi. Anapika, anapakua, hasemi. Suud alikuwa amepata kazi Kuwait. Akiondoka bila jibu, basi tena, habari imekwisha.

Sasa, siku hizo zahanati moja ya wageni ilikuwa na wauguzi wawili wa Kimarekani, Wakristo wa madhehebu ya Mennonite. Bi Rhoda alitoka Pennsylvania, na kwa kuwa aliwahi kufanya kazi Musoma, Kiswahili alikijua, kile cha bara cha kumwita kila mtu mama. Bi Verna alitoka Ohio. Wote magauni mapana ya rangi moja, nywele zimebanwa nyuma, na kichwani kofia ndogo ya neti nyeupe. Ungeapa mapacha.

Loo! Tazama vizuri. Kofia ya Bi Rhoda ilikuwa na vigwe viwili vyeupe vinavyoning'inia mabegani. Ya Bi Verna haina.

"Kwetu Pennsylvania, mama, kofia bila vigwe si kofia," Bi Rhoda alieleza alipokuja kushonesha mpya. "Kwao Ohio wamevikata."

"Na Mungu wenu kasemaje?"

"Mwanamke afunike kichwa akisali."

"Na vigwe?"

"Vigwe amesema askofu."

Bi Masouda alicheka hata pini zikamtoka mdomoni. Akazidi kucheka alipoambiwa kwamba kwa sababu hiyo wanawake wale, wanaolala chumba kimoja na kula samaki sahani moja, hawajawahi kula pamoja mkate wa ibada yao. Bi Rhoda asingeula na asiye na vigwe.

"Nyie watu mna kazi!" akasema Bi Masouda, akijifuta machozi. "Dini moja, nchi moja, mnatengana kwa uzi?" Na pale penye jiko Kheiria akaweka sufuria chini kwa kishindo.

Basi ikasikika kuwa mzee wa kanisa lao anapita akielekea Musoma, naye atawapa huo mkate. Bi Verna akaja mwenyewe, Bi Rhoda akimfasiria. Alitaka atiwe vigwe. Si kwa kuamini, alisema, ila kwa ajili ya mwenzake. Bi Masouda akamshonea vigwe vya kubandika, vyenye vifungo vya kubana, akirudi kwao Ohio avibandue. Alijisifu kwa kazi ile wiki nzima. Maaskofu wote wa Marekani wameshindwa, yeye kamaliza kwa vifungo vinne!

Siku ya ibada akaenda kukaa barazani pa zahanati, ati anapunga upepo. Alitaka kuona kazi yake inavyokaa kichwani. Hakukaa sana, wakatoka. Bi Rhoda analia waziwazi, na Bi Verna kamshika mkono.

"Vipi? Vifungo vimeachia?" Bi Masouda akaruka.

"Hapana, mama. Tumenyimwa mkate, sote wawili."

"Mbona vigwe mnavyo!"

"Ni vyeupe. Kwao mzee vinatakiwa vyeusi."

"Kwao wapi tena huko?"

"Pennsylvania."

"Si kwenu?"

"Sisi upande huu wa mto. Yeye ng'ambo."

"Mto wenyewe mkubwa sana?"

Bi Rhoda akainamisha kichwa. "Una daraja, mama."

"Na huo mkate, nani kaula?"

"Ameula peke yake."

Bi Masouda akafungua mdomo acheke, na kicheko kilikuwa tayari. Lakini Bi Rhoda akasema, "Miaka yote hii nimemnyima Verna. Leo nimenyimwa mimi, ndiyo nimejua inavyouma." Bi Masouda akatafuta viatu vyake.

Akarudi kwao akiburura viatu. Njia nzima anawasema Wamarekani, wajinga wale, wenye mto na daraja lake. Alipofika kichochoroni akasimama. Kati ya Unguja na Pemba kweli pana bahari. Kati ya mlango wake na wa Bi Nasriya palikuwa na ganda la ndimu na paka kalala. Mlangoni kwa Bi Nasriya, sanduku la Suud lilikuwa limeshafungwa kamba. Akaona haya, haya hasa, ya kuchoma masikio.

Akapiga hodi.

Bi Nasriya akamkaribisha kwa adabu zote, akamtandikia mkeka. Hakuleta kahawa, wala halua. Alileta gilasi moja ya maji juu ya sinia, akaiweka mbele ya mgeni wake, kisha akaketi akimtazama.

Bi Masouda aliitazama gilasi. Mambo mengi yalimpanda, ya Mjini na ya marehemu babu yake. Akaishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Bi Nasriya," akasema, sauti imemkauka ingawa kanywa, "nna kiu bado. Niongezee. Kisha niitie Suud."